Sauti ya Mama na Kompyuta Isiyovuma

Daktari alitueleza habari ya koo la mama akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye kitasa cha mlango. Uvimbe ulikuwa umeshika kisanduku cha sauti. Dawa peke yake isingetosha, ilibidi kukata, na wakikata wangeondoa chote. Mama angepumua kwa tundu litakaloachwa chini ya shingo, angekula, na akipata nguvu angerudi shambani. Ila kusema, basi.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa ile sauti yake iliyokuwa imebaki kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria, "Hata kunong'ona?"

"Kunong'ona nako kutaondoka, mama."

Alitikisa kichwa taratibu, akajifunga kanga vizuri, akatoka nje kwenda kukaa kwenye benchi. Mimi nilibaki kupokea tarehe. Turudi Mwanza baada ya wiki mbili.

Kwenye korido muuguzi mmoja mtu mzima alinifuata. Aliniuliza kama mama ana simu ya kugusa. Nikamwambia ninaweza kumpatia. Akasema wako wagonjwa ambao ndugu zao huwarekodi kabla ya upasuaji, maneno ya kila siku, halafu yanawekwa kwenye simu. Mgonjwa akitaka kusema kitu anabonyeza, simu inasema kwa sauti yake mwenyewe.

"Siyo hotuba," akasema. "Nina kiu. Nifunikeni. Njoo hapa. Hivyo. Na usichelewe, sauti yenyewe inaisha."

Jioni hiyo hiyo tulipofika nyumbani Nassa nilijaribu kwa simu yangu. Nilimweka mama kwenye kiti, nikamsogezea simu mdomoni, nikamwambia aseme chochote. Akasema. Nilipoicheza nilisikia mbuzi wa jirani vizuri, nikasikia pikipiki barabarani, lakini mama alikuwa anaingia na kutoka kama redio ya betri iliyochoka. Nilijaribu tena na tena mpaka nikaelewa kinachotokea. Simu hizi zimetengenezwa zichuje kelele, na sauti ya mama, kwa jinsi ilivyokuwa ya kukwaruza na ya chini, simu iliihesabu kuwa ni kelele. Ilikuwa inamfuta.

Sikumwambia. Nilisema simu yangu ni mbovu.

Mimi nina duka la steshenari Bariadi, si mbali na ofisi za mkoa. Tunachapa barua, tunatoa kopi, tunawajazia watu maombi ya kazi mtandaoni. Kazi nyingine inayoniweka mjini ni kurekodi matangazo ya gari la spika: mkutano wa hadhara, duka jipya la mbolea, mnada wa ng'ombe. Kwa hiyo maikrofoni nzuri ninayo, na kompyuta ya mezani ninayo. Nilirudi Bariadi nikiwa na hakika kwamba jambo hili ni dogo.

Nilifunga duka mapema, nikakaa mbele ya maikrofoni, nikasema maneno machache kwa kunong'ona ili nijue mama atasikikaje. Ili mnong'ono uingie ilibidi nipandishe maikrofoni mpaka juu kabisa. Nilipovaa spika za masikioni, kilichokuja kwanza kilikuwa mvumo. Feni za ile kompyuta zilisikika kama mashine ya kusaga iko chumba cha pili. Miaka yote nimerekodi watu wenye sauti za kutangaza mnada, sikuwahi kuusikia. Sasa ulikuwa umeufunika mnong'ono wangu wote. Ziko programu za kusafisha mvumo. Nilijaribu. Zilisafisha mvumo na kile cha kukwaruza pamoja, kikabaki kitu chembamba kama mtu anayesema akiwa ndani ya chupa. Na kile cha kukwaruza ndiyo ilikuwa sauti ya mama.

Hapo ndipo nilipoamua kuunda kompyuta nyingine. Ilipaswa iwe ndogo, maana mama alikuwa amesema wazi kwamba hatoki Nassa mpaka siku ya hospitali, kwa hiyo mashine ndiyo ingemfuata. Iwe kimya. Na isipate joto, kwa sababu nyumba zetu ni za bati na msimu ule wa pamba jua lilikuwa linawaka kuanzia asubuhi. Mtu yeyote anayejua mashine atakwambia mambo hayo matatu hayapendani. Ukiiweka kwenye kasha dogo, joto linakosa pa kwenda. Ukitaka joto litoke unaweka feni, na feni ndiyo kelele.

Kasha nililipata kwa mtu anayeuza mitumba ya ofisini, la chuma, ukubwa wa boksi la viatu. Vilivyokuwa ndani yake nilivitoa vyote nikavitupa. Niliagiza ubao mdogo wa kompyuta, ule unaobeba vipuri vyote, kutoka Mwanza, ukaja na basi, pamoja na prosesa ya aina isiyokula umeme mwingi. Diski niliweka ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Pawa saplai ya kawaida ina feni yake, hiyo niliiacha kabisa, nikaweka kibao chembamba kinachopokea umeme wa volti kumi na mbili kutoka kwenye adapta ya nje, kama ya laptopu. Pesti ya kupitisha joto niliipaka juu ya prosesa kidogo kuliko ninavyopaka kwenye mashine za wateja, nikaisawazisha kwa kadi ya vocha.

Bamba la kupozea prosesa likakataa kuingia. Lilikuwa limezidi urefu wa kasha kwa upana wa kidole. Nilikuwa nimepima kabla ya kuagiza, lakini nilipima kasha tupu, nikasahau unene wa ubao wenyewe. Kuagiza jingine kungekula siku ambazo sikuwa nazo. Nilikaa nikalitazama lile bamba, zuri, zito, limejaa mapezi, halafu nikabeba mfuniko wa kasha kwenda kwa fundi wa kuchomelea mageti. Nilimchorea kwa chaki pa kukata ili bamba litokeze. Akaniuliza mara mbili kama nina uhakika, maana chuma kikishakatwa hakirudi. Nikamwambia akate. Nilirudi dukani na mfuniko wenye dirisha, nikaliziba kwa wavu wa mbu wa madirishani ili joto lipite na manyoya ya pamba yasipite. Msimu ule malori yalikuwa yanapita mbele ya duka kwenda kwenye viwanda vya kuchambulia, na manyoya yalikuwa yanatua juu ya kila kitu, hata kwenye chai.

Niliiwasha bila feni hata moja. Ilikuwa kimya kabisa, mpaka nikainama kuangalia kama imewaka. Nikafurahi. Nilirekodi ukimya kwa muda mrefu, na ilipofika mchana, bati lilipoanza kulia kwa joto, kioo kikawa cheusi. Ilikuwa imejizima yenyewe kujiokoa. Nilipogusa mapezi ya lile bamba niliunguza vidole.

Siku zilizofuata nilifanya kazi nikiwa na hasira. Mteja akiingia kutaka kopi ya cheti ninamhudumia bila kumtazama usoni. Niliingia kwenye mipangilio ya mashine, nikaipunguzia prosesa umeme mpaka ikawa nzito kufungua hata picha, lakini kurekodi ikaweza. Kisha nikafunga feni moja pana juu ya dirisha la mfuniko, ikitazama nje ili ivute joto kulitoa, na nikaiunga kwenye waya wa umeme mdogo ili izunguke kivivu. Feni pana ikizunguka polepole inasukuma hewa nyingi kuliko ndogo inayokimbia, na haina mlio. Ilikuwa inazunguka kiasi kwamba mapanga yake unayaona. Niliiacha inafanya kazi kutwa nzima, nikiigusa kila nikipata nafasi, kama mtu anayegusa paji la uso la mtoto mwenye homa. Haikuzima.

Kulibaki mlio mmoja mwembamba kama wa mbu. Ulinisumbua sana kwa kuwa sikuupata ulipo, mpaka nilipong'amua kwamba unatoka kwenye adapta na si kwenye kasha. Niliunga waya mrefu nikaisogeza adapta nje ya chumba. Nikarekodi mnong'ono. Nikavaa spika za masikioni. Nilisikia mate yangu yakishuka kooni.

Wakati huo zilikuwa zimebaki siku tatu. Niliivingirisha mashine kwenye kanga, nikaipakata mpaka Lamadi na kutoka Lamadi mpaka Nassa, na kila gari lilipofunga breki niliikumbatia.

"Mwadila, mayu," nilimsalimia mama kwa Kisukuma. Aliitikia kwa kichwa. Kwa muda mfupi tu ambao sikumwona alikuwa amekwisha kuacha kuitikia kwa mdomo, anatunza sauti. Aliponisogelea alininong'oneza, "Asubuhi ndiyo inatoka vizuri. Ikifika saa nne imekata."

Tulitengeneza chumba chake. Niliegemeza godoro ukutani, nikatundika mablanketi mlangoni na dirishani ili sauti isirudi. Kwa kioo nilitumia ile televisheni yake ndogo ya sola. Nilitoka uani kuchukua maji ya kunywa, niliporudi nikamkuta amekaa wima kitini, amevaa kitenge cha kanisani. Nikawasha, nikamwekea maikrofoni, nikamwambia tujaribu tu.

Alisema jina langu. Nililisikia masikioni, la kukwaruza, lakini lote, na pumzi yake kabla na baada. Akasema, "Umekula?" Nikahifadhi, kisha kioo kikawa cheusi.

Nilipapasa kwenye giza la yale mablanketi, nikagusa kasha, likawa la moto, na juu yake nikagusa uzi. Nikasogeza blanketi la dirishani. Kasha lilikuwa limevishwa kitambaa cha kufuma, kile cheupe chenye maua ya waridi ambacho hufunika redio. Feni ilikuwa imekifyonza kikang'ang'ania kwenye wavu.

"Nimekifunika," mama akanong'ona. "Vumbi."

Nilitaka kusema kitu kibaya. Nilibana mdomo, nikatoa kitambaa, nikafungua mfuniko, nikaipepea mashine kwa ungo. Sikujua kama imeungua. Mama alikuwa amenyoosha mkono kukichukua kitambaa chake, akakikunja na kukikunja tena juu ya mapaja, akitazama chini. Ilipopoa nikabonyeza, na kwa muda hakikutokea kitu. Halafu taa ndogo ya kijani ikawaka.

"Haivumi," akanong'ona, akiwa ameisogezea sikio. "Imewaka kweli?"

"Imewaka, mayu."

Siku hiyo sauti yake ilikuwa imekwisha kukata, na asubuhi ya pili kaka yangu alifika kabla hatujaanza. Yeye ndiye mkubwa wetu, na tangu baba afariki ndiye anayesimama mbele ya watu kwa ajili ya nyumba yetu. Analima mpunga bondeni na ana ng'ombe wachache. Hakuijibu mwangaluka yangu, salamu ya asubuhi. Alisogeza blanketi la mlangoni, akatazama godoro, maikrofoni, televisheni.

"Hii ni nini?"

"Namrekodi mama."

"Ili?"

Nikamweleza. Alinisikiliza kisha akasema, "Kwa hiyo umeshamzika. Umebakiza sauti tu ya kucheza msibani."

"Kaka, atabonyeza mwenyewe, akiwa hai."

"Nani kasema atakuwa hai? Mtu anakatwa koo! Ng'ombe tukimkata koo anaamka?" Alikuwa amepandisha sauti. "Kuna mzee kule Maswa ametibu uvimbe wa shingo bila kisu. Nimezungumza naye. Anasema aletwe kabla hajaguswa na chuma. Wewe umepanga tarehe na madaktari bila kunikalisha chini."

"Tulikupigia simu."

"Kunipa taarifa siyo kunikalisha chini. Na nakwambia mbele yake, akifia mikononi mwako utajibu wewe. Siyo mimi."

Nilimjibu. Sikumbuki nilisema maneno gani, nakumbuka tu kwamba nilisimama na kiti kikaanguka. Ndipo mama alipopiga kelele. Sijui kama ilikuwa "nyamazeni" au "tokeni". Ilikuwa kelele iliyopasuka katikati, ikaishia kwenye kikohozi, na kikohozi hakikukatika. Nilimshika mgongo. Kaka alibaki na mikono yake hewani. Alipotulia, mama alifungua mdomo kusema, hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Akajishika koo na kututazama, mmoja baada ya mwingine, kwa woga ambao sikuwahi kuuona machoni mwake.

Kaka alitoka. Siku hiyo yote mama hakuweza kutoa hata mkwaruzo. Nilimpa maji ya uvuguvugu, nikamkataza hata kunong'ona. Nilikaa kwenye kile chumba chenye mablanketi nikicheza kile kipande kimoja nilichokuwa nacho, jina langu na "umekula". Nilidhani hicho ndicho nitakachobaki nacho, na kwamba mimi na kaka ndio tuliokimaliza kilichokuwa kimebaki.

Kesho yake ndiyo ilikuwa asubuhi ya mwisho, maana siku ya pili yake tungesafiri kwenda kulazwa. Nilimkuta amekwisha kuamka, amekaa kwenye kile kiti. Nilimwamkia. "Mwangaluka, mayu."

Akasubiri kidogo, kama mtu anayejaribu mguu ulioteguka. "Mwangaluka," akasema.

Niliwasha haraka. Nilikuwa nimeandaa maneno yale aliyonitajia muuguzi. Aliyasema machache, nina kiu, nina baridi, nashukuru, kisha akainua mkono.

"Haya ya mgonjwa yametosha. Sasa nikuambie ya kwangu."

Akaanza. "Nani kaacha mlango wazi?" "Watoe hao kuku." "Hiyo siyo bei, punguza." "Usinijibu hivyo, mimi siyo mwenzio." "Wabeja, asante, Mungu akuzidishie." Alisema mengine kwa Kisukuma, ya kumtania shemeji yake, na kila moja alilisema kana kwamba mtu huyo yuko pale mbele yake. Mimi nilikuwa natazama mstari wa sauti ukipanda na kushuka kwenye kioo, mkono mmoja ukiwa juu ya kasha kupima joto. Bati lilikuwa limeanza kulia. Kasha lilikuwa la uvuguvugu tu.

Nyuma yangu blanketi la mlangoni lilisogea. Sikugeuka, nilijua ni nani kwa harufu ya matope ya mpunga. Mama alimtazama juu ya bega langu. Akasogeza mdomo karibu na maikrofoni.

"Kukatwa nimekubali mwenyewe," akasema. "Sijashawishiwa. Nataka niwaone wajukuu wakikua. Nikifa, asilaumiwe mtoto wangu yeyote."

Kioo kikazima. Feni ikapunguza mwendo ikasimama.

Nilitazama kasha, halikuwa la moto. Nilitoka mbio sebuleni kwenye adapta. Taa yake ilikuwa imezimika, na friji ya jirani ilikuwa imenyamaza. Umeme ulikuwa umekatika.

"Imeingia?" mama akauliza.

"Sijui, mayu. Sijahifadhi."

Kaka alikuwa bado mlangoni. Aligeuka akaondoka, na nilisikia pikipiki yake ikienda. Nikasema moyoni, basi. Mama alikuwa anameza mate kwa shida, na jua lilikuwa limefika dirishani. Umeme ukikatika kwetu unaweza kurudi baada ya kikombe cha chai au baada ya siku nzima. Nilikaa chini karibu na miguu yake. Aliniwekea mkono kichwani, tukangoja.

Pikipiki ilirudi. Kaka aliingia amekumbatia betri ya sola ya nyumbani kwake, ile kubwa, shati limechafuka. Akaitua sakafuni.

"Ulisema kale kadude kanakula volti kumi na mbili?"

Sikukumbuka kumwambia. Labda nilimwambia kwenye ule ugomvi. "Ndiyo," nikasema.

"Hii hapa."

Nilikata waya wa adapta. Ndani kulikuwa na nyaya mbili, zote nyeusi, mmoja una mstari mweupe uliofifia. Mara nyingi wenye mstari ndiyo chanya, lakini si mara zote, na nikikosea kile kibao kingeungua papo hapo na kila kilichomo kingebaki humo humo. Kifaa cha kupimia nilikuwa nimekiacha dukani. Nilimwomba kaka tochi yake. Tukaifungua, tukatoa kitaa na betri zake, nikamwambia ashike waya wa mstari kwenye betri ya tochi wakati mimi nagusisha sindano ya kushonea ya mama, niliyoiunga na kitaa na upande wa pili wa betri, kwenye tundu la katikati la plagi, ambapo nilijua ndipo chanya kinapoingilia. Mikono yake ni ya kushika jembe na kamba za ng'ombe. Ilikuwa imetulia kuliko yangu.

"Sasa?" akauliza.

Kitaa kikawaka. Wenye mstari ndiyo ulikuwa chanya.

Tuliufunga kwenye betri, na mwingine kwenye hasi. Televisheni nayo tukaiunga hapo hapo. Nilibonyeza. Feni ikazunguka, kivivu. Programu ilipofunguka iliniuliza kama nataka irudishe kazi ambayo haikuhifadhiwa, nikabonyeza ndiyo huku nikiwa nimefumba macho. Kisha nikachomoa spika za masikioni ili wote tusikie.

Ilikuwepo. Kukatwa nimekubali mwenyewe. Yote mpaka neno la mwisho, na baada yake pumzi ya kaka mlangoni.

Kaka aliinama akakuna kisigino. Kisha akasema bila kuinua kichwa, "Mayu, niite kama ulivyokuwa unaniita nikiwa machungani."

Mama alicheka kidogo bila sauti. Akavuta pumzi, akaliita jina lake kwa ule mwito wa kuvuka bonde, wa kurefusha. Lilianza, likapanda, likavunjika njiani, likaisha kama hewa. Alitaka kurudia. Kaka akamshika goti. "Imetosha. Hiyo hiyo."

Tulikwenda Mwanza wote watatu. Kuhusu kungoja nje ya chumba cha upasuaji siwezi kusimulia vizuri, maana ninachokumbuka ni vigae vya sakafu tu. Kaka hakukaa hata mara moja. Daktari alipotoka na kusema imekwenda vizuri, kaka alimshukuru kwa Kisukuma, na daktari, ambaye hakuwa wa kwetu, akamwitikia kwa tabasamu.

Mama alipopata fahamu nilimwonyesha simu, maneno yake yote yamepangwa, kila moja na picha yake ndogo kwa kuwa miwani yake ilikuwa nyumbani. Aliitazama, akaigeuza ikalala kifudifudi juu ya kimeza. Kesho yake akafanya vile vile. Alikuwa akituomba vitu kwa vidole, na mara nyingine akifungua mdomo kusema na kusahau, anausogeza mdomo na sisi tunatazama pembeni. Nilianza kujiambia kwamba nimemfanyia jambo la kikatili.

Siku moja wakati wa kuona wagonjwa, wageni wa kitanda cha pili waliingia kwa kundi, wakauacha mlango wa wodi wazi, na upepo ukaleta vumbi la mchanga wa ujenzi. Mama alitazama mlango. Akawatazama wale watu. Akanyoosha mkono, akaigeuza simu, akatafuta, akabonyeza.

"Nani kaacha mlango wazi?"

Wodi nzima iligeuka. Mama mmoja kati ya wale wageni alisema "samahani, mama" akakimbia kuufunga. Mama alilala tena kwenye mto wake, uso hauna kitu, lakini tumbo lilikuwa linatikisika chini ya shuka.

Amerudi Nassa. Anafuga kuku, na sokoni huwa anabonyeza "hiyo siyo bei" mpaka wauzaji wanacheka na kupunguza. Ile sentensi ya kukubali kukatwa hajawahi kuibonyeza, wala kaka hajaniomba nimpe. Aliomba ule mwito wake uliovunjika tu. Anao kwenye simu yake.

Mwaka huu mke wa kaka amejifungua mtoto wa kike. Jina alilopewa halimo katika yale tuliyorekodi, tungelijuaje. Nilikwenda na ile mashine, nikajifungia chumbani, nikakata silabi kutoka kwenye maneno mengine ya mama, moja ya huku, moja ya kule, nikaziunganisha mpaka zikawa jina. Lilisikika karibu sawa. Nilimchezea mama kwenye simu yake akiwa amempakata mtoto. Alisikiliza mara moja, akaomba nirudie, akasikiliza tena huku amekunja uso. Akatikisa kichwa. Alinyoosha kidole chake, akakibonyeza kile kipande mpaka simu ikauliza kama ifute, akafuta.

Kisha akamsogeza mtoto karibu na uso wake na kulisema jina kwa midomo, bila sauti, taratibu, midomo ikifunguka na kujifunga. Mtoto aliitazama ile midomo. Akanyoosha mkono akaishika.